Herufi Z iliyorudi ikakuta kiti kimekaliwa

Na Afisa Elimu ya Watu Wazima



Katika kujifunza kusoma, wengi wetu tuliichoka orodha ya herufi kabla haijaisha. A, B na CH tulizishika mapema. Kufika Z, macho yamechoka, taa inafuka moshi na watoto nyumbani wanangoja chakula. Ndiyo sababu wapo wanakisomo wanaoandika barua safi kabisa, lakini wakifika penye Z wanasitasita. Huyu anaweka S, yule anaweka J, mwingine anaweka DH.

Leo tuizungumze herufi hii peke yake. Ni ya mwisho katika mstari, lakini ina mambo ya ajabu. Na baadhi ya mambo hayo yanagusa mfuko wako, shamba lako na urithi wa watoto wako.

ILIKOTOKA

Watu wengi hudhani kwamba herufi hizi zilibuniwa na Wajerumani au Waingereza waliotutawala. Sivyo. Hata wao waliazima.

Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita walikuwapo watu walioitwa Wafoinike. Walikuwa wafanyabiashara wa baharini, wakikaa katika pwani ambayo leo ni nchi ya Lebanoni. Z yao ilifanana na I yenye kofia juu na kiatu chini. Wagiriki wakaiazima, wakaiita zeta. Baadaye ule mstari wa katikati ukalala upande, ikawa Z tunayoiona leo. Kutoka kwa Wagiriki herufi zikapita mkono kwa mkono mpaka zikafika kwa Warumi, kule Italia.

Sasa sikiliza ajabu yenyewe. Kwa Warumi wa mwanzo Z haikuwa ya mwisho. Ilikuwa ya saba! Lakini katika lugha yao ile sauti ya Z ilikuwa imekwisha kupotea. Wakasema, ya nini kuweka kiti kwa mtu asiyehudhuria? Yapata miaka 2,300 iliyopita wakaiondoa. Kiti chake wakampa mwingine. Unataka kumjua? Hesabu kwa vidole: A, B, C, D, E, F, halafu nani? G. Mpaka leo G amekaa palepale, nafasi ya saba.

Miaka kama 200 ikapita. Warumi wakaiteka nchi ya Wagiriki, wakaanza kutumia maneno mengi ya Kigiriki. Wakaona hawawezi kuyaandika bila Z. Wakaiita irudi. Lakini kiti kimekwisha kaliwa! Ikawa kama mtu aliyetoka barazani kwenda kuangalia mbuzi wake, akirudi anakuta benchi limejaa. Hana la kufanya, anakaa mwishoni. Basi Z ikakaa mwishoni, na hapo ndipo ilipo mpaka leo.

Kwa Waarabu mambo ni tofauti. Kumbuka kwamba Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mamia ya miaka kabla ya hizi za Kizungu. Huko Z ni ya 11, nayo inakaa jirani na R. Tena zinafanana kama mapacha. Z ni R iliyowekewa nukta moja juu. Kwa hiyo umwisho wa Z haukutoka mbinguni. Ni mpango wa watu tu.

KWA WAINGEREZA HAINA KAZI, KWETU INA KAZI

Katika Kiingereza Z ni moja ya herufi zinazotumika mara chache kabisa. Miaka 400 hivi iliyopita aliishi Uingereza mwandishi aitwaye Shakespeare. Ni yule ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili. Katika tamthilia yake nyingine, ile ya Mfalme Lear, mtu mmoja anamtukana mwenzake kwa kumwita herufi Z. Maana yake ni kwamba mtu huyo hana faida, yupo yupo tu.

Tusi hilo lisingeweza kutungwa na Mswahili! Hebu angalia salamu ya asubuhi. "Habari za kazi?" Jibu: "Nzuri." Maneno manne, na Z tatu. Hujafika hata shambani, umekwisha itumia Z.

Sasa chukua simu ndogo ya kubonyeza, ile tunayoiita kitochi. Tafuta Z. Utaikuta katika namba 9, pamoja na W, X na Y. Ili uipate lazima ubonyeze mara nne. X unaifikia kwa mara mbili tu, na Kiswahili hakina X kabisa! Sisi huandika teksi na eksirei kwa KS. Q nayo hatuna. Waliopanga herufi hizo waliwafikiria watumiaji wa Kiingereza, si mkulima wa Mbinga anayetaka kuandika "fedha zangu za kazi". Huko Marekani simu nyingi za zamani za kuzungusha namba ziliziacha Q na Z.

Kwa hiyo usione uvivu kubonyeza. Ukiiacha Z, maana inaweza kuharibika. Tuone namna gani.

HERUFI YA WINGI

Maneno mengi ya Kiswahili hubadilika kichwa yakiwa mengi. Mtoto, watoto. Kiti, viti. Jembe, majembe. Lakini yapo ambayo hayabadiliki. Nyumba moja ni nyumba, na nyumba kumi ni nyumba. Ndivyo ilivyo kwa barua, hati, ekari, kalamu na siku. Je, msomaji atajuaje kama ni moja au ni nyingi?

Atatazama Z.

Nyumba yangu imeungua. Hiyo ni moja.
Nyumba zangu zimeungua. Hizo ni nyingi.

Hati ya shamba imepotea. Hati za shamba zimepotea. Ndugu yangu amefika. Ndugu zangu wamefika. Umeona? Z ndiyo inayohesabu.

Usidhani hili ni jambo la darasani tu. Tuseme mzee mmoja ana nyumba mbili. Moja iko mjini Mbinga na nyingine iko Mbamba Bay. Anataka zote mbili ziwe za binti yake aliyemtunza. Anachukua karatasi, anaandika: "Nyumba yangu nampa binti yangu." Anatia sahihi, na mashahidi wanatia sahihi. Mzee anafariki. Siku ya kugawana urithi karatasi inasomwa mbele ya ukoo. Baba mdogo anasimama: "Hapa imeandikwa nyumba moja. Ipi?" Basi ugomvi umeanza, na mwenye kujua jibu yuko kaburini.

Kama mzee angeandika "nyumba zangu", ugomvi ungepungua. Na kama angeandika "nyumba zangu mbili (2), ya Mbinga mjini na ya Mbamba Bay", mlango wa maneno ungefungwa. Kwa hiyo kanuni ni hii. Katika maandishi ya mali, andika Z ya wingi, andika idadi kwa neno na kwa tarakimu, kisha taja mahali.

HERUFI INAYOMTAFUTA MTENDAJI

Z ina kazi nyingine kubwa. Ikiingia katika kitendo, mara nyingi humleta mtu aliyekifanya. Soma mifano hii polepole:

Gunia limejaa. Juma amejaza gunia.
Moto umepungua. Mama amepunguza moto.
Nyumba imeungua. Jirani ameunguza nyumba.
Risiti imepotea. Karani amepoteza risiti.

Tazama ile miwili ya mwisho. Ukisema risiti imepotea, hujamtaja mtu. Ukisema karani amepoteza risiti, umemshitaki. Tofauti yao katika kitendo ni ile Z. Ndiyo maana ukiitwa barazani au polisi kueleza jambo, usitie sahihi kabla ya kusomewa au kusoma mwenyewe yaliyoandikwa. Wewe umesema "nyumba iliungua". Mwandishi akiandika "aliunguza nyumba", mtu anaweza kuingia matatani bure.

Tena liangalie neno uza. Hili linahitaji uangalifu mkubwa katika mapatano ya mashamba.

Nimemwuzia Petro shamba. Maana yake shamba lilikuwa langu, sasa ni la Petro.
Nimeuziwa shamba na Petro. Maana yake shamba lilikuwa la Petro, sasa ni langu.
Nimeuzwa na Petro. Loo! Hapo Petro amekuuza wewe mwenyewe kama mbuzi!

Watu hucheka wakisikia hivyo. Lakini karatasi haicheki. Inasema kilichoandikwa.

Z, S, DH NA J

Kila mmoja wetu huja darasani na ulimi wa nyumbani kwake. Hilo si kosa wala si aibu. Lakini Kiswahili tunachoandika ni cha nchi nzima, na msomaji wa Kigoma au Tanga hakusikii sauti yako. Anaona herufi tu. Basi tuzitenganishe.

Kwanza Z na S. Weka vidole kooni, useme "sss". Koo limetulia. Sasa sema "zzz". Koo linatetemeka kama nyuki wako ndani. Hiyo ndiyo tofauti yao.

Kasi ni mwendo wa haraka, na kazi ni kazi. Posa ni kuomba mchumba, na poza ni kufanya kitu kipoe. Lakini hatari zaidi kwa wenzetu wa ufukweni, tangu Lituhi mpaka Liuli na Mbamba Bay, ni tosa na toza. Kutoza ni kudai malipo. Kutosa ni kutumbukiza majini. Fikiria muhtasari wa mkutano wa kijiji umeandikwa hivi: "Atakayevua kwa nyavu haramu atatoswa." Mkutano ulitaka atozwe faini. Karatasi inasema atupwe ziwani!

Pili Z na DH. Katika DH ncha ya ulimi hutokeza kidogo katikati ya meno. Katika Z ulimi hubaki ndani. Kadhi ni hakimu wa Kiislamu, na kazi ni shughuli. Kuzuru ni kutembelea, na kudhuru ni kuumiza. Ukiandika "Mganga wa zahanati atatuzuru Jumatano", wanakijiji watapeleka watoto wapimwe. Ukiandika "atatudhuru", watajificha!

Tatu Z na J. Uzi ni wa kushonea, na uji ni wa kunywa. Zana ni vifaa vya kazi, na jana ni siku iliyopita. Zua ni kutunga jambo lisilokuwapo, na jua ni kufahamu. Na wafuga nyuki waangalie sana. Mzinga ni nyumba ya nyuki, lakini mjinga ni mtu asiyejua. Barua isemayo "nina wajinga kumi" badala ya "nina mizinga kumi" itakugombanisha na watu kumi.

JINA LAKO NA FEDHA YAKO

Siku hizi malipo mengi, hata ya kahawa, hupitia benki au simu. Huko hawakutazami sura. Wanatazama jina. Kitambulisho cha Taifa kikisema Aziza, na kitabu cha benki kikisema Asisa, karani atakuambia kwamba hao ni watu wawili. Hata ukilia, kompyuta haina masikio. Fedha itakaa mpaka utengeneze jina, na kulitengeneza kuna safari, nauli na barua.

Kwa hiyo mama Zuhura, baba Zakaria, dada Zena, mzee Azizi, sikilizeni. Jina lenu liwe na sura moja kila mahali. Unapoandikishwa, mtajie karani herufi moja moja. Akimaliza, mwombe alisome au ulisome mwenyewe kabla ya kuondoka. Huo si ukorofi. Ni haki yako.

Jambo jingine ni mwandiko. Z iliyoandikwa haraka hufanana na tarakimu 2. Z ina kona mbili kali, juu na chini. 2 ina kichwa cha mviringo. Wengi huweka kistari kidogo katikati ya Z ili isichanganywe na 2. Ni desturi nzuri, hasa katika namba za hati zenye herufi na tarakimu pamoja.

Tena ukiona herufi TZS mbele ya kiasi cha fedha, usishtuke. TZ ni alama ya Tanzania na S ni shilingi. TZS 50,000 ni shilingi elfu hamsini za Tanzania.

Na wenye majina ya Z wana faida moja. Orodha nyingi, kama ile ya wapiga kura, zinaweza kupangwa kwa herufi. Mwenye Z asianze kusoma juu. Aende moja kwa moja chini kabisa. Kamusi nayo imepangwa hivyo hivyo.

Z KATIKA MAJINA YA NCHI

Tazama jina la nchi yetu. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Mwanzoni jina lilikuwa refu, Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo likachaguliwa jina Tanzania. TAN imetoka Tanganyika na ZAN imetoka Zanzibar. Kwa hiyo Z uliyoidharau ndiyo inayofungua nusu ya pili ya Muungano. Wajerumani huandika Sansibar kwa S, maana katika lugha yao Z husomwa kama "ts". Unaona kwamba hata wao wana ulimi wa nyumbani!

Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980. Jina lake limetoka katika Kishona, "dzimba dza mabwe", yaani nyumba za mawe, kwa sababu ya majengo makubwa ya kale yaliyojengwa kwa mawe matupu. Isikilize tena: dzimba dza mabwe, nyumba za mawe. Kumbe ile Z yetu ya wingi iko na huko! Lugha zetu za Kibantu ni ndugu.

Zambia, iliyopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, imeitwa kwa jina la mto Zambezi. Na mto huo unatuhusu. Maji ya Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa karibu na Lituhi. Maji ya ziwa hutoka upande wa kusini, katika nchi ya Malawi, kwa mto Shire. Shire huingia Zambezi, na Zambezi humwaga katika Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Kwa hiyo maji yapitayo mbele ya mitumbwi yetu yana safari ndefu kufika kwenye Z.

Na Kongo, jirani yetu wa magharibi, iliitwa Zaire kuanzia 1971 mpaka 1997. Jina hilo lilitokana na neno la Kikongo lenye maana ya mto.

Mwisho kuna ziwa lenyewe. Katika Kiyao, nyasa maana yake ni ziwa. Kwa hiyo tukisema "Ziwa Nyasa" tunasema "Ziwa Ziwa". Na ziwa moja ni ziwa, lakini mengi ni maziwa, sawasawa na yale anayonyonya mtoto kwa mama yake. Labda ni haki. Ziwa nalo limewalisha wengi.

MAZOEZI YA KIKUNDI

Someni makala hii kwa sauti, kila mtu fungu moja. Kisha fanyeni yafuatayo:

1. Kila mmoja aandike jina lake kamili, halafu alilinganishe na kitambulisho chake. Kama kuna herufi tofauti, aende kutengeneza sasa, asingoje siku ya malipo.

2. Geuzeni ziwe wingi: "Barua yangu imefika." "Ekari hii ni ya kijiji." "Ndugu yako anakuita."

3. Elezeni tofauti kati ya "Mtumbwi umezama" na "Fulani amezamisha mtumbwi". Hapa mtendaji ameletwa bila Z. Ni herufi gani zimefanya kazi hiyo?

4. Andikeni mapatano mafupi ya kuuziana mbuzi wawili. Yasomwe na mtu ambaye hakuwapo mlipoyaandika. Akiuliza hata swali moja, andikeni upya.

5. Tafuteni jozi nyingine tatu za maneno yanayotofautiana kwa Z na S, au Z na J. Atakayepata jozi ya kuchekesha zaidi awafundishe watoto wake nyumbani.